Shemeji yangu ni dereva ila safari hii nataka gari la hoteli, nitamwambiaje?

Shikamoo Anti.

Mi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nikwambie ukweli hii barua nimeianza nikafuta mara tatu maana naona kama jambo dogo, gari la kwenda airport nalo la kuombea ushauri? Lakini Anti linaninyima usingizi na safari yenyewe imebaki wiki tatu.

Nakaa Mwanza, nina duka la mapazia na mashuka, kwa mwaka naenda Guangzhou mara mbili au tatu kufunga mzigo. Huwa nashuka Dar siku mbili kabla ya ndege, nafikia hoteli Kariakoo maeneo ya Lumumba kwa sababu kuna wateja wa jumla pale nachukua oda zao, alafu kuna mwenzangu ninayesafiri naye na yeye anafikia hapo hapo. Sasa mume wangu ana mdogo wake Dar, ni dereva, anaendesha IST, kale ka-Toyota kadogo, ya kuitwa kwa app, anakaa Kimara Suka na familia yake. Tangu nianze hizi safari yeye ndo ananipeleka airport. Mtu mwenyewe mzuri Anti, ana heshima, mcheshi, na akisikia tu nakuja anapiga simu mwenyewe, shemeji unaingia lini, shemeji we upande gari la mtu mwingine mi nikiwa hai? Mume wangu anafurahi, mama mkwe ndo usiseme, kila mtu anasema si unaona faida ya ndugu.

Tatizo ni muda. Shemeji hajawahi kufika kwa wakati hata siku moja, mi nilikuwa nameza tu. Ila safari iliyopita ndo ilinitoa jasho. Ilikuwa Ijumaa, ndege saa kumi na dakika hamsini jioni, tukakubaliana anichukue saa sita na nusu mchana. Saa sita na nusu simwoni. Napiga, "nipo Magomeni shemeji nakuja." Saa saba na nusu napiga tena, "nimefika hapa Fire." Fire hiyo Anti nasikia nyuma yake watu wanagombana nani kachomekea kwenye foleni ya gesi, na Fire mi sijawahi kuona kituo cha gesi. Nikipiga mara ya tatu simu haipatikani, baadaye akasema ilizima chaji. Mwenzangu anazunguka pale mapokezi kama kuku anayetaka kutaga. Saa nane na robo ndo anatokea, anacheka, pole shemeji jiji hili. Kufungua buti, mtungi wa gesi umejaa buti zima, na sisi tuna mabegi manne. Mawili tukabana mbele, moja nimelipakata mpaka miguu ikafa ganzi.

Kufika Tazara tukasimamishwa, msafara wa kiongozi unapita, hapo hakuna gari linalosogea. Tumeingia Terminal 3 saa tisa na dakika thelathini na tano na kaunta inafungwa saa kumi kasoro dakika kumi. Yule dada wa kaunta akatuangalia akasema mna bahati. Mwenzangu hakuniongelesha mpaka tunashuka kubadili ndege, na sasa kaapa gari la shemeji yangu hapandi tena, nikitaka twende wote nitafute gari lingine.

Sasa safari hii ndege ni tarehe 14, Jumapili, tiketi inasema 03:40. Pale hotelini dada wa mapokezi kaniambia wana gari lao binafsi la kupeleka wageni airport, elfu 80 au dola 30, nilipe kabisa wanishikie nafasi. Nikicheki kwenye app naona elfu ishirini na kitu. Mi kiukweli hela si tatizo kubwa, kukosa ndege ndo gharama, ila najiuliza hilo gari la hoteli ni salama, au na lenyewe ni mtego? Na shemeji nitamwambia nini? Mume wangu nikimgusia tu anakuwa mkali, anasema unamdharau mdogo wangu kwa sababu ana IST. Sijawahi kumdharau, kila safari nampa hela ya mafuta elfu kumi, nikiwa vizuri hata elfu kumi na tano, na zawadi namletea. Nimefikiria nimwambie ndege ni Jumatatu, alafu nikishafika China nimpigie niseme walibadilisha. Hili wazo limenikaa kichwani ila naliogopa.

Nisaidie Anti.

Mke wa Kaka Mtu, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na hujambo.

Kwanza hilo wazo la Jumatatu lifute leo leo. Madereva wa mji huu wanajuana kuliko unavyofikiri, utapanda gari la mtu pale Lumumba usiku na kabla hujafika Kamata shemeji keshapigiwa simu, "nimemwona mke wa kaka yako na mabegi." Sikwambii kwa kubahatisha, marehemu mume wangu alikuwa na teksi kijiwe cha Mnazi Mmoja miaka mingi, nimekula hela ya kijiwe na umbea wa kijiwe. Na siku uongo ukifika kwa mama mkwe, hutaambiwa ulitafuta gari la uhakika, utaambiwa uliwakimbia.

Pili, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa, nikasema huyu kijana ana matatizo. Mara ya pili nikakutana na ile elfu kumi ya mafuta nikaweka miwani chini.

Hebu tupige hesabu mi na wewe. Kijana yuko Kimara Suka, anashuka na Morogoro Road, Ubungo, Magomeni, Jangwani mpaka kwako Kariakoo, anakupakia, anakupeleka Kipawa airport, alafu anarudi mjini kutafuta abiria. Hapo kama hamna baya lolote ni masaa matatu, siku ya Ijumaa mchana ni manne, na Ijumaa mchana ndo saa ya mtu wa app kutafuta hela. Wengi wao gari si lao, kuna tajiri anasubiri hesabu yake jioni na hataki kusikia habari za shemeji. Na hata hiyo ya app haiji nzima, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, mwaka 2022 waliwabana wenye app wakashusha makato mpaka asilimia 15, kukawa na vuta nikuvute, mwisho makato yakarudi asilimia 25, kwa hiyo katika kila elfu kumi anayokupigia app kijana anaweza kubaki na elfu saba na mia tano kabla ya gesi, matairi na tajiri. Wewe unampa elfu kumi kwa masaa manne alafu unamwita dereva wako. Siku ile mi naamini kabisa alivyokwambia yupo Magomeni alikuwa na abiria nyuma, akasema nipige hii moja tu, alafu hii moja tu, alafu gesi ikaisha. Anakosea, tena sana, na uongo wa "nipo Fire" simtetei. Ila yeye hakukuhesabu kama kazi kwa sababu na wewe hukumlipa kama kazi, mmekuwa mnapeana upendo kwenye jambo linalotaka saa.

Ila hata ungemlipa laki, kwa safari hii bado ningekwambia usimtumie kukupeleka, na sababu si tabia yake. Ni Kimara. Watu wakiwaza gari la airport wanauliza airport ni mbali kiasi gani, mi nauliza dereva analala wapi. Kutoka ulipo mpaka airport haifiki hata kilomita kumi na tano, usiku wa manane mnateleza dakika ishirini tu. Umbali wenye hatari ni ule wa kati ya kitanda cha dereva na mlango wa hoteli, maana huo wewe huuoni na huwezi kuusukuma. Mtu wa Kimara kuja kukuchukua Kariakoo anatembea njia ndefu kuliko safari yenyewe, na ikinyesha ile mvua ya Dar unayoijua wewe, Jangwani maji yanapita juu ya barabara polisi wanafunga, basi anaanza kuzungukia kwingine na simu yake chaji asilimia tatu. Mchukue dereva anayelala Ilala, Buguruni, Kariakoo yenyewe, Keko, yaani mtu ambaye akichelewa kuamka bado anafika.

Sasa tuje kwenye hilo la hoteli. Ukisikia "gari letu" uliza ni lenu kweli au mnampigia mtu. Mara nyingi hoteli za maeneo hayo hazina gari, mapokezi wana namba ya kijana wanamwita dereva wetu, kwenye hiyo elfu 80 kijana anapata labda 45 na inayobaki ni cha juu cha mapokezi. Si dhambi, kila mtu anakula kwake, ila ujue unachonunua. Kama ni kijana wa kuitwa basi omba jina na namba yake ya simu, ongea naye mwenyewe siku hiyo hiyo unayofika, msikie sauti, muulize analala wapi. Wakikataa kukupa namba ya dereva hilo gari liache, mtu aliyekushikia pesa yako na dereva humjui ndo mtego wenyewe unaouulizia.

Kuhusu dola, usilipe dola. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za humu ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mtu akikutajia dola 30 mwambie nitajie shilingi, na hapo hapo bei ikishatamkwa kwa shilingi utashangaa inavyoanza kunyumbulika. Elfu 80 kwa safari hiyo mi naona ni nyingi, ongea nao, 50 au 60 kwa gari kubwa usiku wa manane na mtu wa uhakika si mbaya, usiende mpaka kwenye bei ya app ukafikiri ndo ujanja. Bei ya app ni ya gari lililo karibu muda huo kama lipo, haina ahadi. Saa sita usiku unaita, anakubali, anakupigia, "unaenda wapi, unalipa keshi au kadi?", unamjibu, anakata safari, unaanza upya na mabegi yako barazani. Na usilipe yote. Toa kishika uchumba, elfu ishirini inatosha, iliyobaki unampa dereva ukishaona mabegi yako yamegusa chini pale Terminal 3. Tuma kwa simu upate meseji, hata kama ni ya mapokezi iwe na jina, na hapo hapo mkubaliane parking ya airport analipa nani, maana ndo pale watu wanaanza kukunjiana sura saa saba usiku kwa elfu mbili.

Angalia namba ya gari. Kwetu gari la biashara ya abiria lina namba nyeupe, la mtu binafsi ni ya njano. Likija gari zuri linang'aa lina kiyoyozi na namba ya njano, hilo ni la mtu anapiga dili, na bima yake ni ya matumizi binafsi, likipata ajali na wewe ndani kama abiria wa kulipa, hiyo bima ina kila sababu ya kukugeuzia mgongo. Alafu polisi wakilisimamisha pale Tazara wakaanza maelezo, maelezo hayo yanakula muda wako wewe. Watu wanaona namba ya njano ndo heshima, ndo "private" yenyewe, mi kwa airport naitaka nyeupe.

Na utaje mabegi. Usiseme "tuna mizigo kidogo", sema watu wawili mabegi manne makubwa, na uulize gari linatumia gesi au mafuta, kama ni la gesi mtungi umekaa wapi. Nyie mnataka Noah au kitu cha aina hiyo. IST yenye mtungi ni gari la mtu mmoja na pochi.

Haya, sasa hapa naomba utulie kabisa maana nimeona watu wazima na akili zao wanaangukia hapa. Tiketi yako inasema Jumapili tarehe 14, saa 03:40. Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku, usiku wa kuamkia Jumapili. Kaunta kwa ndege nyingi za nje zinafungwa saa moja kabla, kwa hiyo mwisho wako ni saa nane na dakika arobaini, lakini mi nataka uwe pale masaa matatu kabla, saa saba kasoro dakika ishirini. Rudi nyuma tena, barabara, kupakia, mwenzako kusahau chaja chumbani na kurudi juu, mnatakiwa mtoke hotelini saa sita kasoro robo, na gari liwe mlangoni saa tano na nusu. Sasa niambie saa tano na nusu usiku hiyo ni siku gani? Ni Jumamosi mwanangu, tarehe 13. Ukiagiza gari la "tarehe 14 usiku" kama tiketi inavyosema, dereva atakuja ametakata, kafika mapema kabisa, Jumapili usiku, wewe ndege imeshakuacha siku nzima. Na ukisema "usiku wa Jumapili" ndo umeharibu zaidi, maana sisi watu wa pwani tuliozeeka usiku wa Jumapili ni ule wa Jumamosi jua likishazama, kijana wa leo ni Jumapili jioni baada ya mpira. Usiseme 03:40 wala saa tatu wala saa tisa, dereva hahitaji kujua ndege inaruka saa ngapi. Mwambie hivi, Jumamosi hii tarehe 13, ukishakula chakula cha usiku, saa tano na nusu uwe mlangoni. Alafu mwambie akurudie yeye kwa mdomo wake. Na muandikie meseji.

Usiku kama huo una raha yake kwa kweli, ile Nyerere Road inayokutesa mchana, usiku inapumua. Mfugale pale Tazara, toka ile flyover ifunguliwe 2018, unapita juu huoni hata taa. Ubaya wa usiku ni mmoja, usingizi wa dereva. Kwa hiyo mpigie saa kumi na mbili jioni umsalimie tu, mpigie tena saa nne na nusu, na hiyo ya saa nne na nusu usiulize "unakuja?", kila mtu atakujibu nakuja. Muulize uko wapi na nani yuko pembeni yako, mcheke mcheke, utajua kama kalala. Ikifika saa tano na nusu hayupo mpe dakika kumi, si saa nzima na dakika arobaini na tano kama ulivyompa shemeji. Dakika ya kumi na moja unaita app na mwenzako anashuka kumwomba mlinzi wa hoteli akuitie teksi ya kijiweni, anayefika wa kwanza mnapanda. Ile elfu ishirini ya kishika uchumba isikukalishe barazani, wengi wanakosa ndege ya milioni kadhaa kwa kuogopa kupoteza elfu ishirini.

Mapokezi nao wana shifti. Yule dada uliyeongea naye mchana saa tano usiku yuko kwake Mbagala kalala, aliyepo ni kaka ambaye hajawahi kusikia jina lako. Ukifika Alhamisi au Ijumaa hakikisha imeandikwa kwenye daftari lao, na Jumamosi jioni shuka mwenyewe ukaione hiyo sehemu iliyoandikwa. Na hoteli yenu kama iko ndani ndani, kwenye mitaa ile meza za wamachinga zinapozidi, muulize dereva gari linaingia mpaka mlangoni au mtoke Lumumba, mlijue hilo mapema na mabegi yavutwe na kijana wa hoteli mumpe chochote. Na umtajie dereva Terminal 3, kwa neno hilo hilo, wengine akili yao airport ni ile Terminal 2 ya ndege za Mwanza, na ukishushwa kule si mahali pa kutembea na mabegi manne kwenda kule kwingine.

Sasa shemeji. Usimtume mume wako akamwambie, wanaume wawili wa tumbo moja wakianza kuongelea gari litageuka jambo la nani anadharau nani, na mume wako amekwisha onyesha yuko upande gani. Mpigie wewe. Usimpigie yuko barabarani, mpigie asubuhi ya Jumapili hii yuko nyumbani, watoto wazima, kashakunywa chai. Mwambie shemeji safari hii tunatoka usiku sana na tuko wawili na mabegi manne, tumechukua gari kubwa pale pale karibu na hoteli, we usiamke Kimara huko kwa ajili yangu. Huo wote ni ukweli, hamna neno hata moja la kuombea msamaha. Ya ile Ijumaa usiyaseme hapo. Akiyaleta yeye, mwambie niliogopa, basi, usimpigie mahesabu ya dakika.

Alafu hapo hapo mpe kazi. Mwambie siku ya kurudi nataka wewe ndo unipokee. Hii ndo niliyokuwa nakuja nayo toka mwanzo wa barua. Mtu anayechelewa hafai kukupeleka ila kukupokea anafaa kabisa, maana ukishatua kuna foleni ya paspoti, kuna mabegi hayatoki, kuna ushuru wanataka kuona umebeba nini, na hata ukitoka hayupo unakaa kwenye kiti unakunywa maji, ndege ya kukimbilia huna, mpaka hiyo ya Mwanza ya kesho yake. Yeye atakuwa kafanya ujamaa wake, mama mkwe atasikia shemeji kapokelewa, na wewe roho iko juu ya mto. Mtumie namba ya ndege na saa ya kutua kwa maneno yale yale niliyokufundisha, siku na chakula gani kimeshaliwa. Ila umlipe. Angalia app inasema ngapi kutoka airport mpaka Kariakoo, mpe hiyo na elfu kumi juu ya ndugu, umwambie kabisa hii ni ya kazi shemeji si ya mafuta. Atakataa mara mbili. Ya tatu atachukua, na usishangae siku hiyo akafika kabla ya ndege.

Akikwambia kwamba ana rafiki yake mwenye Noah anakaa Buguruni na angependa huyo rafiki ndo akupeleke usiku huo, msikilize. Muulize yale yale niliyokwambia ya hoteli, namba nyeupe, mabegi, analala wapi, na bei isemwe mapema. Wakati mwingine ndugu anachotaka ni kuonekana yeye ndo kakupangia, usukani ashike mtu mwingine haimuumi. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo, ndugu zake wakisafiri alfajiri na yeye ana homa alikuwa anatafuta mtu kijiweni, anakuja anasimama pembeni ya gari anaaga kama anayeendesha ni yeye.

Na ukiwa Guangzhou usimletee shati tena huyo kijana. Mletee chaja nzuri ya kwenye gari, yenye waya mrefu.

Anti